Kosa la Ubaoni

Sikwenda kutembea. Watu wa mtaani kwetu walinisindikiza wakisema nakwenda kupunga upepo, nami nikawaitikia tu kwa sababu sipendi kujieleza. Ukweli ni kwamba nilikwenda kumchukua mwanangu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mjane, na mtu asiyependa kuzungushwa. Wanangu wakubwa wana familia zao. Aliyebaki ni binti yangu Kitinda, kitinda mimba wangu, ambaye siku moja alipanda ndege akaenda kufundisha hesabu, hesabu hiihii ya mama yake, katika nchi ambayo ukoo wetu hauna hata binamu wa kusingizia. Alisema ni mkataba mmoja tu. Nikameza mate, nikamwacha. Mkataba ulipokaribia kwisha nikasikia shule inataka kumwongezea mwingine, na inataka jibu lake Ijumaa. Hapo sikushauriana na mtu. Nilikata tiketi.

Wala sikwenda mikono mitupu. Mkuu wa shule niliyoifundishia, kijana niliyemfundisha mwenyewe tangu hajui kufunga kamba za viatu, alikuwa ameniwekea nafasi. Mpaka leo nikimpigia simu nasikia kiti kinasukumwa, najua amesimama. "Ya Kitinda hiyo, Mwalimu," aliniambia. "Na darasa ni lile lako lenyewe." Nikapaka chumba chake rangi, nikabadilisha na mapazia.

Nilimkuta anakaa ghorofa ya tatu, chumba kimoja na jiko ambalo wawili mkiingia mmoja lazima atoke kinyumenyume. Madaftari ya wanafunzi yalikuwa juu ya meza ya kupigia pasi, na pasi ilikuwa chini ya kitanda. Kitanda akanipa mimi, yeye akatandika godoro sakafuni.

"Ndiyo maisha uliyoyakimbilia haya?" nikamuuliza.

"Maisha gani, Mama? Hili ni godoro tu," akasema, akacheka, akanivua viatu na kuanza kunikanda goti langu bovu kama alivyokuwa akifanya nyumbani. Basi mtu ukija na hasira zako zote, zinapata wapi pa kukaa?

Kesho yake akanichukua shuleni. Ofisi ya walimu unaifahamu, ziko hivyo kila mahali: birika moja linalounguza fyuzi, vikombe visivyo na wenyewe, ratiba iliyobandikwa ukutani na kufutwafutwa mpaka haisomeki. Nusu ya walimu walikuwa wageni kama Kitinda. Mimi nikakaa nikaanza kuwahoji mmojammoja, Kitinda akinitafsiria, maana nilitaka kujua ugonjwa huu unaanzia wapi. Kwenu hakuna watoto wa kufundishwa?

Mwalimu wa jiografia, mrefu mpaka wenzake wanamwita Ngongoti, alisema alichoka kuchora mito ambayo hajawahi kuivuka. Mwingine alisema kwao alikaa miaka akingoja kupangiwa kituo, na huku alipangiwa kwa wiki moja. Mama wa muziki akasema yeye alimfuata mwanamume. "Mwanamume akaondoka," alisema akikoroga chai, "mimi nikabaki na kwaya. Nafikiri nilipata kilicho bora." Nilicheka mpaka nikajifuta machozi. Walikuwa watu wazuri, na hilo ndilo lililoniudhi, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kuwachukia.

"Na wewe?" nikamgeukia mwanangu.

"Mimi napenda tu, Mama," akasema, akachukua chaki zake akatoka. Jibu la kumtupia mtoto. Nikajua kuna jambo.

Nikamfuata darasani. Akaniwekea kiti nyuma kabisa, karibu na kabati la ramani, akawaambia watoto huyu ni mama yangu, wakasimama wakanisalimu kwa lugha yao, nami nikakaa. Lugha yao siijui. Lakini hesabu ni hesabu, na ubao naweza kuusoma hata ukiwa juu mwezini. Kitinda akaandika nusu, akajumlisha na theluthi. Vizuri. Mwandiko mzuri, umetulia, ni wangu. Halafu akaandika jibu: mbili juu ya tano.

Macho yalinitoka. Nikavaa miwani, nikavua, nikavaa tena. Mwanangu amejumlisha za juu kwa za juu na za chini kwa za chini, kosa la mtoto aliyekuwa amelala! Nikamwangalia akigeuka kuwatazama watoto, akatabasamu, kipande cha chaki mkononi, kimya, kama mtu aliyemaliza kazi. Nikakohoa. Hakuniangalia. Nikakohoa tena.

Miaka thelathini na kitu nimesimama mbele ya ubao, na katika ubao wangu kosa halikuwahi kulala hata dakika. Sikumbuki nilivyoinuka. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa mbele, nimemnyang'anya chaki, nimefuta lile jibu kwa kiganja, nimetafuta asili ya pamoja, nimeandika tano juu ya sita na kupiga mistari miwili chini yake. Kisha nikagonga meza kwa kidole kama zamani na kuwatazama. Wote walikaa wima. Nilijisikia vizuri sana, sitaficha.

Halafu nikamwona Kitinda. Alikuwa amesogea pembeni, ukutani, mikono nyuma, ametazama chini. Hakuwa amenuna. Alisimama tu hivyo, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Kipindi kikaisha hivyohivyo.

Jioni tulikuwa jikoni kwake tukimenya viazi, mimi nimekaa mlangoni kwa sababu ya nafasi.

"Mama," akasema, "lile kosa niliandika makusudi."

"Makusudi?"

"Kila siku naandika moja. Wanalitafuta. Anayelipata anakuja mbele ananieleza nimepotea wapi. Wanapenda kuliko kitu chochote."

"Mwalimu hakosei ubaoni," nikasema.

"Wewe hukosei," akasema taratibu. "Umemwona yule msichana wa dirishani, mwenye sweta kubwa? Tangu mwaka uanze hajafungua mdomo darasani. Leo alikuwa ameliona. Mkono ulikuwa umefika hapa." Akajigusa bega kwa ncha ya kisu. "Ndipo ukainuka."

Nikapandisha sauti. Nikamwambia angenionya. Akaniuliza angenionya saa ngapi, maana alipogeuka chaki haikuwa yake tena, akaanza kucheka, na mimi sikucheka.

"Hayo makosa yako," nikasema, "si unaweza kuyafanya hata nyumbani? Darasa lipo. Mkuu anakungoja."

Aliosha kiazi kimoja muda mrefu kuliko kiazi kinavyohitaji. "Nilifundisha pale mwaka ule kabla sijaondoka," akasema. "Unajua nilikuwa nafanya nini kila asubuhi kabla ya kwenda? Nafanya maswali yote mara mbili, natetemeka. Nikisita tu ubaoni, naona wanatazamana: mtoto wa Mwalimu huyo, hajui. Wazazi wananisimamisha njiani, wananiambia mama yako alikuwa anaieleza hii hivi. Na walikuwa wanasema kweli, ulikuwa unaieleza vizuri kuliko mimi. Sina kinyongo, Mama. Najivunia. Lakini huku hakuna anayekujua. Huku naweza kukosea, na mtoto akanisahihisha, na dunia isianguke."

Maneno yaliniingia kama baridi. Nilikuwa nimeandaa majibu ya mshahara, ya mwanamume, ya ubishi wa ujana. Hili la kukimbia kivuli changu sikuliandalia jibu, na aliyelisema alikuwa bado ananimenyea viazi.

Akaniona uso. Akaweka kisu chini, akaja akachuchumaa mbele yangu. "Lakini nitarudi," akasema. "Nimeamua tangu jana ulivyokuwa unapanda ngazi zile umeshika ukuta. Uko peke yako. Ijumaa nitawaambia hapana, nifungashe. Usiwe na wasiwasi."

Basi nikawa nimeshinda. Nilikuja kumchukua, na nimepewa, tena bila vita. Nisidanganye: usiku ule nilimshukuru Mungu na nikalala usingizi mzito.

Asubuhi nikaomba kwenda tena darasani. Nilimwambia nataka kuaga, na kweli nilitaka kuaga. Nikaapa sitainuka. Kitinda akasema viapo vyangu anavijua. Nikakaa palepale karibu na kabati la ramani, nikaikalia mikono yangu yote miwili.

Akaandika robo, akajumlisha na nusu. Jibu: mbili juu ya sita. Miguu ilitaka kwenda yenyewe, nikaikunja chini ya kiti. Watoto wakakodoa macho. Mmoja akanyoosha mkono haraka, Kitinda akamwashiria asubiri. Akasubiri. Wote tukasubiri. Ukimya wa darasa mimi naujua ni silaha, lakini huu haukuwa wa kutisha mtu. Ulikuwa kama mtu ameshikilia mlango ili mwenye mzigo apite.

Yule wa dirishani akanyoosha mkono. Haukufika juu, ulifika sikioni, lakini ulikaa. Kitinda akampa chaki. Msichana akaenda, sweta likimfika mapajani, akachora mstatili, akaugawa sehemu nne, akatia kivuli mbili. Hiyo ilikuwa nusu. Akatia kivuli ya tatu. Akageuka akasema kitu kwa sauti ndogo sana. Kitinda alinitafsiria baadaye: nusu ilikuwa kubwa, umeiongezea, halafu imepungua, iliyobaki umeipeleka wapi?

Darasa likalipuka, meza zikagongwa. Na mwanangu akajishika kichwa, akacheka, akainamisha kichwa mbele ya yule mtoto kama aliyeshindwa kesi. Nimemzaa, nimemwogesha, nimemlea, nimemsomesha, nimekaa naye meza moja miaka yote ile. Uso ule sijawahi kuuona. Hakuwa anaogopa chochote, wala hakuwa anamtazama mtu nyuma yake kuona kama amepatia.

Nikatoka nje kimyakimya. Hapo kwenye korido, chini ya vigingi vya makoti, nikampigia Mkuu. Nikasikia kiti kinasukumwa.

"Ile nafasi mpe mtu mwingine," nikamwambia.

"Kuna tatizo, Mwalimu?"

"Hakuna. Nilikuahidi mtu ambaye si wangu kumgawa."

"Na yeye atakuja lini?"

"Likizo. Kama watu wengine."

Nilipokata simu, Kitinda alikuwa mlangoni. Watoto walikuwa wanapita katikati yetu kwenda kunywa maji. Alikuwa amesikia.

"Mama, tulishaongea. Nimeamua."

"Na mimi nimeamua, na mimi ndiye mama. Ijumaa waambie ndiyo."

"Utakaa na nani?"

Nilikuwa na majibu. Jirani yangu yupo, wajukuu wanakuja, redio inasema mchana kutwa. Nilifungua mdomo niyaseme, na nikaona ni majibu ya kumtupia mtoto.

"Nitakuwa mpweke," nikamwambia. "Jioni zaidi. Nitaumia, sitakuficha. Lakini usirudi."

Akanishika. Alinishika kwa nguvu, na chaki yake yote ikabaki mgongoni mwa gauni langu zuri, na tukalia wote wawili kwenye korido ya watu, mimi niliyewakataza watoto wa watu kulia shuleni.

Kengele ikalia. Watoto wakarudi ndani mbio. Kitinda akajifuta uso kwa mkono wa blauzi, akageukia darasa lake, na miguu yangu kwa mazoea ikageuka pamoja naye. Akaniangalia. Nikarudi nyuma hatua moja. Akaingia, akafunga mlango.