Ukili wa Bwana Dionis

Haya, hii ni ya bibi yangu Mwanahawa, mwaka hamsini na saba, Mtendeni hapa hapa Tabora, enzi za Mwingereza. Yeye hajafika hata miaka ishirini. Mimi mwenyewe nikiisimulia huwa nachanganyikiwa, kwa hiyo twende polepole.

Kulikuwa na kikundi cha akina mama wasuka mikeka. Ikaja barua kutoka Ndola, Rodesia ya Kaskazini: wake za wachimba shaba wanataka kufundishwa kusuka. Mwezi mzima, kwa kujitolea, wanapewa nauli na chakula tu. Wakajiandikisha sita. Mwanahawa alikuwa wa kwanza, maana dada yake aliolewa huko huko Ndola, miaka tisa hawajaonana, na ana watoto watatu ambao Mwanahawa hajamwona hata mmoja.

Shida ilikuwa mkono. Mwanahawa ni mashoto. Bi Sikuzani, mkubwa wa kikundi, hakumficha.

"Mwanangu, mkeka wako mzuri. Lakini twende nchi za watu tukafundishe kwa mkono wa chooni?"

Wenzake wakacheka mpaka wakafuta machozi. Jina lake lingekatwa siku ile ile, ila Bwana Dionis, karani aliyeshughulikia safari, akasema yeye hapitishi jina la mtu kabla hajamwona akifundisha. Mwanafunzi atakuwa yeye mwenyewe, ambaye hajawahi kushika ukindu maisha yake yote.

Sasa hapo ndipo. Ukili, yaani ule utepe unaosukwa kwanza halafu unashonwa uwe mkeka, kwetu haufundishwi kwa maneno. Unakaa ubavuni kwa shangazi yako, bega kwa bega, unaangalia vidole, ukikosea unazabwa kibao cha mkono. Bega kwa bega na Bwana Dionis? Mke wa mtu? Thubutu. Kila mama, zamu yake ikifika, akakaa upande wa pili wa jamvi, akatazamana naye.

Bi Sikuzani akamwambia afanye kama yeye. Dionis akafanya kama yeye, kikatoka kitu kama kiota cha ndege. Akamwambia kulia, akaenda kulia, siyo. Basi kushoto, ndiyo ikaharibika kabisa. Wa pili vile vile. Wa tatu akakasirika, akamuuliza bwana kama huko shule alisomea usingizi. Wanawake wanaosuka huku wanasinzia, leo hawajui hata unaanza na mkono gani.

Akakaa Mwanahawa, akaanza kusuka. Dionis akafuatisha, na ukili ukanyooka. Shubiri moja. Mbili.

Dionis akaandika jina lake juu kabisa, akawaambia wengine wajifunze kwake mpaka Jumamosi, siku ya safari.

Siku zile zilikuwa vurugu tupu. Bi Sikuzani anauliza, umefanyaje? Mwanahawa anajibu hajui, na kweli hajui. Wengine wakajaribu kusuka kwa kushoto, wakaharibu mzigo mzima wa ukindu.

Alhamisi Mwanahawa akamwita jirani yake Josepha, ajipime kwake. Josepha ni mwanamke mwenzie, akaja akakaa zake ubavuni. Kikatoka kiota. Wakarudia, kiota. Josepha akachoka, akainuka kunyoosha mgongo, akasimama mbele yake huku vidole bado vinafuatisha. Ukanyooka.

Hapo Mwanahawa akaelewa, na akatamani asingeelewa: ukimkabili mtu, kushoto kwako ni upande wa kulia kwake, kama kwenye kioo. Ndola wanafunzi ni wanawake. Watakaa ubavuni. Kumbe alifaulu kwa sababu Dionis ni mwanamume, basi. Akinyamaza, anapanda treni, anamwona dada yake. Akisema, pengine ndiyo basi tena.

Alinyamaza usiku mmoja tu. Ijumaa akaenda Gongoni kwa Bi Sikuzani, akaamkia shikamoo, akamwaga yote. Bi Sikuzani akamrudisha mwanzo mara tatu. Akahamia upande huu wa jamvi, akahamia ule, anaitazama mikono yake kana kwamba ni ya kuazima.

"Kwa hiyo mimi sijasahau kusuka," akasema mwishowe, "na wewe si mchawi."

"Sijui, mama."

"Na mimi sijui, kichwa kinauma. Watakaokaa ubavuni ni wangu. Watakaokaa mbele ni wako. Nenda kafunge mzigo."

Akatoka mbio. Katikati ya njia likamjia swali: na kule akitokea mwanamke mashoto, akae wapi? Akageuka arudi kuuliza. Akasimama. Akaona bora akafunge mzigo kwanza.