Taarifa Kutoka Duka la Rangi

Niliacha uuguzi baada ya miaka kumi na moja wodini, nikaingia redioni kwa majaribio ya miezi mitatu. Utangazaji nilijifunza mwenyewe: nilirekodi taarifa za wenzangu, nikaziandika neno kwa neno, nikazisoma kwa sauti bafuni. Kasoro moja ilinishinda. Kila taarifa yangu ilitoka kama ya muuguzi anayekabidhi zamu: mgonjwa ni nani, hali yake ikoje, amelazwa wapi.

"Sindano," mhariri aliniambia mara nyingi, kwa jina alilonibandika, "msikilizaji hakuja kupokea zamu. Mpe habari."

Wiki ya mwisho ya majaribio, saa nane mchana, nilitumwa soko la vipuri kuulizia bei za matairi. Nikakuta watu wanampiga fundi wa kuchomelea. Walisema ameiba pikipiki. Kama aliiba, hadi leo sijui. Alikuwa amepiga magoti, mikono juu ya kichwa, na nondo zilishuka juu ya mikono ile mpaka vidole vikaacha kukinga. Mmoja alimrukia mgongoni kwa miguu miwili. Mwingine alikuja na dumu la petroli.

King'ora kikalia, wote wakatimua mbio wakidhani ni polisi. Kumbe ni zimamoto wanapita na safari zao. Mimi na muuza rangi mmoja tukamshika fundi makwapa, tukamburuta hadi dukani na kushusha mlango wa bati.

Nilikuwa namfunga kichwa kwa matambara simu ilipoita. "Uko hewani," mhariri akasema.

Nikataja yote, kwa mpangilio. Mwanamume wa miaka kama thelathini. Jeraha refu kichwani, mkono wa kulia umevunjika, bado anapumua. Amelazwa katika duka la rangi nyuma ya soko, anasubiri gari la wagonjwa.

Muuza rangi alinitazama kama mtu aliyeniona nikiwasha moto nyumbani kwake.

"Kaka, umewaelekeza?"

Kila kibanda sokoni kina redio. Sauti yangu ilikuwa imetoka katika zote.

Jiwe la kwanza lilitua kwenye bati kabla sijajibu. Kisha nyundo. Bati lilibonyea, likapanda kidogo kutoka chini, na mkono wenye panga ukapenya. Muuza rangi aliukanyaga. Panga likamchana kifundo cha mguu. Damu ikachanganyika na rangi nyeupe iliyomwagika.

Nikapiga simu studio. "Nirudishe hewani."

"Kuna nini kipya?"

"Amefariki."

"Una uhakika?"

"Mimi ni muuguzi."

Nikalisema hewani, taratibu, kama nilivyowahi kuwaambia ndugu wengi nje ya wodi. Huko nje nyundo ikasita.

"Redio inasema ameshakufa."

"Redio! Tumwone wenyewe."

Waliinua bati. Kijana mwenye nondo akainama na kuingia. Nilikuwa nimemfunika fundi kwa turubai gubigubi, nami nimeweka viganja kifuani pake kama mtu anayeomba, ili pumzi isionekane. Moyo wake ulikuwa ukinigonga kiganjani.

"Mjomba, mwache marehemu," muuza rangi akasema.

Kijana akapiga goko la mguu wa fundi mara moja, kwa nguvu zote. Mlio wa mfupa ukivunjika naujua. Fundi alikuwa amezirai, hakutikisika.

"Kweli amekwisha."

Wakaondoka. Mmoja alibaki akilalamika: "Sasa na petroli hii niifanyie nini?"

Saa kumi, fundi akiwa chumba cha upasuaji, mhariri alinipigia.

"Hospitali wanasema yu hai. Saa kumi na moja utasoma masahihisho."

"Nikisoma watamfuata wodini. Mlango wa wodi ile naufahamu, dada. Unafungwa kwa bandeji."

"Redio hii haijawahi kumzika mtu aliye hai."

"Leo nusura imuue."

"Nikikuacha, kesho nani atatuamini?"

Sikuona kosa katika maneno yake. "Basi asome mwingine, fundi akishahamishiwa hospitali nyingine. Si leo."

"Kesho nitasoma mwenyewe," akasema. "Wewe acha kitambulisho cha redio mapokezi."

Nilikiacha, kisha nikaenda kwa miguu hadi kwa mke wa fundi. Alikuwa ameketi chini uani, nguo imemteleza begani, majirani wamemshika huku na huku. Redio ilikuwa dirishani. Nikainama sikioni pake.

"Shemeji, mumeo yu hai. Yuko hospitali."

Aligeuka taratibu. Alikuwa ameitambua sauti.

"Ni wewe. Wewe ndiye uliyesema!"

Ngumi yake ilinipata mdomoni, jino likalegea. Ya pili ilinipata shingoni. Majirani wakadhani uchungu umempanda, wakamvuta nyuma. Akanishika kola, akanipiga kichwa puani mpaka nikaona giza. Sikumzuia. Alipoishiwa nguvu nilimsogelea tena, damu ikinidondoka shatini. Mwanamume mmoja alikuwa amesimama langoni akitutazama. Sikumjua.

"Lia, shemeji," nilimnong'oneza. "Lia kwa nguvu, mpaka kesho, wasije wakamfuata."

Alimtazama yule wa langoni, akanitazama mimi. Kisha akafumbua kinywa, akapiga ukelele.