Tupa

Mimi ni mshonaji, na nyumbani kwangu kipande cha kitambaa kikianguka chini hakimalizi dakika. Nasema haya mapema ili mtu asije akadai nilifanya kwa uvivu. Nilifanya kwa usafi.

Mume wangu alikuwa msoma mita za maji. Kwa miaka ishirini na sita alizunguka na baiskeli ile ile nyeusi ya chuma, akiinama kwenye mageti ya watu na kuandika namba kwenye daftari. Mtaani walimwita Bwana Matone. Kisha akapigwa na kiharusi. Kilichukua nguvu za mguu wa kulia, kikachukua na maneno. Si yote, ila yale madogo madogo yanayoshikanisha mengine. Mtu aliyekuwa akiomba chai kwa hotuba sasa alisema, "Chai." Basi.

Mguu haukumtisha. Alichoogopa ni kichwa. Baba yake alifariki akiwa hamtambui hata mwanawe, na aliyemuuguza mpaka mwisho ni yeye. Hospitali walimpima, wakasema akili ni nzima, mzito ni ulimi tu. Hakuridhika. Kila asubuhi nilimsikia akinong'ona namba za mita za mtaa wa mlimani, nyumba baada ya nyumba, akijipima mwenyewe. Akimaliza bila kukosea, anaamka na kunawa uso.

Mkubwa wake kazini, mtu mwenye utu, alimwambia: ukiweza kuuzunguka mtaa wa mlimani kwa siku moja, kazi yako ipo. Kwa mguu ule, kilima kile kilikuwa ndoto. Ndipo binti yetu akatuletea sanduku: gurudumu la mbele lenye mota ndani ya kitovu chake, betri ya kufungwa nyuma ya siti, na nyaya nyingi kuliko nywele zangu.

Jumamosi akaipindua baiskeli uani, magurudumu juu. Hakutaka fundi. Alitaka kujua kama bado anaweza kusoma karatasi ya maelekezo na kuifuata. Mimi nilikuwa msaidizi. "Spana." Nampa. "Koleo." Nampa. Nikamwambia siku hizi ninaamriwa kama jeshini, akacheka. Siku nyingi sikuwa nimemsikia akicheka.

Ekseli ya mota ilikuwa nene kidogo kuliko midomo ya foki ile ya zamani, uma unaoshika gurudumu la mbele, ikabidi chuma kisuguliwe. Mimi wakati huo nakusanya maboksi na manailoni. Chini ya sanduku nikakuta kipakiti chenye washa mbili, vile vipete bapa vya chuma vinavyokaa chini ya nati, kila moja ina jino limechomoza pembeni. Washa gani ina jino? Nikajua zimekunjika huko kiwandani.

"Na hivi vibovu?" nikauliza.

Hakuinua kichwa. Alinyoosha mkono nyuma, akasema, "Tupa."

Nikatupa. Mkono wake ukabaki hewani kidogo, kisha akaguna, akachechemea hadi kwenye sanduku la zana na kujichukulia tupa ya kusugulia chuma. Nilimwona kwa macho yangu mawili. Sikuwaza lolote, nilikuwa nafunga mfuko wa taka.

Jumapili aliijaribu barabarani, kwenye tambarare. Ilikwenda bila yeye kukanyaga pedali. Majirani walipiga makofi, naye akapiga kengele kila alipopita mlangoni kwetu.

Jumatatu ilikuwa siku ya kilima. Katikati ya mwinuko, pale mota ilipokazana, ekseli ikazunguka yenyewe ndani ya foki, ikalegeza nati na kuukata waya. Gurudumu likachomoka. Alirudi akiwa amechubuka goti na viganja, nyuma yake kijana wa duka akimsukumia baiskeli.

Hakulalamika. Aliikunjua ile karatasi mezani, akaipitisha kidole picha kwa picha, kidole kikasimama. Washa mbili zenye jino. Jino linaingia kwenye mdomo wa foki kuzuia ekseli isizunguke.

"Sikuweka," akasema. Kisha, "Sikumbuki." Akagusa kichwa chake.

Hapo nikaelewa. Mtu anayekuambia utupe kitu hakunyooshei mkono.

Ulimi wangu hauna kiharusi. Wateja wanauogopa. Lakini siku hiyo uliganda, na sitatafuta visingizio: niliogopa. Nikajiambia, kesho, akishapoa. Mkubwa wake akapiga simu, akasema waya utengenezwe, ajaribu tena wiki ijayo. Nikaona bado muda upo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi nimewaambia wengine hivyo mara ngapi.

Jumanne asubuhi nilipeleka gauni kwa mteja. Niliporudi nikamkuta amekaa kitandani na fimbo yake. Sare haikuwepo msumarini. Daftari halikuwepo. Alikuwa ametembea mpaka ofisini akavirudisha.

Nikamwambia yote. Kipakiti, mkono wake, lile neno, na mimi na usafi wangu. Nikamvuta hadi uani kumwonyesha mahali mfuko wa taka ulipokuwa, ila lori la taka lilipita Jumatatu. Nikamwapia kwa kaburi la mama yangu kwamba kichwa chake ni kizima, kwamba kosa ni langu, langu peke yangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanifuta uso kwa kiganja chake chenye michubuko.

"Muongo," akasema kwa upole, na akatabasamu.

Nikalia, nikarudia tena tangu mwanzo. Akatikisa kichwa.

"Asante," akasema.

Jumatano niliamka mapema, nikasubiri. Alikuwa macho, anaangalia dari, midomo imefungwa. Basi nikaanza mimi kuzisoma zile namba, kwa sauti, kwani nazijua kwa kuzisikia. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne nikaikosea makusudi, nikanyamaza ili anisahihishe. Nikakosea na ya tano.

Hakunisahihisha.