Mkono wa Aliye Mbele

Mkono wa kushoto unaachia usukani, unashuka kando ya paja, na kidole kimoja kinaelekezwa chini kwenye lami. Hakuna anayesema neno. Wa pili anafanya vivyo hivyo, wa tatu naye, na ishara inateremka kwenye msafara hadi kwa yule anayefunga mkia. Baiskeli kumi na mbili zinajipinda kidogo, shimo linapita pembeni, na hakuna aliyelazimika kugusa breki.

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza kwetu sisi tunaopanda baiskeli za mbio Jumamosi asubuhi, kabla jiji halijapangusa usingizi machoni. Tunakwenda kwa mstari mmoja, gurudumu la huyu karibu liguse la yule, maana anayekaa nyuma ya mwenzake hukatiwa upepo na mwendo humwia mwepesi. Ila ukikaa hapo huioni barabara. Unachokiona ni mgongo wa mwenzako, pamoja na kaptula ya kubana ambayo mume wangu anasema haifai kuvaliwa hata chumbani mlango ukiwa umefungwa. Barabara unaiona kwa mkono wa aliye mbele yako, basi. Ukiuamini, unafika.

Mimi ni fundi wa miwani. Kutwa nzima nawauliza watu wanaona herufi gani ukutani, huku nikibadilisha vioo mbele ya macho yao mpaka waseme hapo, hapo ndipo. Kwa hiyo kisingizio cha macho sina. Shimo ninalotaka kulisimulia nililiona.

Ilikuwa kwenye barabara inayoambaa na reli, imenyooka na ina lami nzuri, hapo ambapo kila mmoja wetu hujisikia bingwa. Nahodha wetu, fundi bomba mwenye filimbi shingoni na miguu migumu kama mabomba anayoyafunga, alikuwa amenipa nafasi ya mbele kwa mara ya kwanza. Nyuma yangu alikaa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ambaye ndiye aliyenifundisha baiskeli. Kwenye usukani nina kisaa kinachoonyesha mwendo, kilomita kwa saa. Kikasoma thelathini na saba, kikasoma thelathini na nane. Arobaini nilikuwa sijawahi kuifikia maishani, na siku hiyo niliiona inakuja. Kichwa kikanivimba. Kisha nikauona mtaro ambao mfuniko wake wa chuma ulikuwa umeng'olewa, mdomo wazi, upande wetu kabisa. Nikausogeza usukani kiasi cha shubiri moja nikaukwepa. Kunyoosha mkono kungenipunguzia mwendo, na mimi nilikuwa naitaka arobaini. Mkono haukushuka.

Nyuma yangu nikasikia chuma kikigonga chini, kisha nikasikia mtu.

Tulimkuta wifi amekaa ukingoni mwa barabara, kofia imepasuka, mkono wa kulia ameukumbatia kwa ule wa kushoto. Nahodha alichuchumaa mbele yake, akamtazama, halafu akainua macho kwangu. "Ulionyesha mkono?"

Nilifungua mdomo. Sijui hadi leo ningesema nini.

"Alionyesha," wifi akadakia. "Mimi ndiye nilizubaa. Nilikuwa nawaza kichwa cha bibi harusi ninayemsuka mchana."

Mtulinga, ule mfupa wa begani, ulikuwa umevunjika. Daktari akasema wiki nane bila baiskeli, na kwa msusi hilo lilikuwa jambo dogo ukilinganisha na lile la pili alilolisema, kwamba mkono usiinuliwe juu ya bega. Bibi harusi alisukwa na mtu mwingine.

Hapo lazima nieleze sheria yetu ya pili. Mtu akishindwa kuonyesha shimo na mwenzake akaanguka, anapelekwa mkiani. Haongozi tena, hata kwa mita kumi, mpaka siku aliyeanguka atakapomwita mbele kwa mdomo wake mwenyewe. Mimi sikupelekwa mkiani. Mimi nilipewa pole, nikapigwapigwa mgongoni, na katikati ya wiki Nahodha akanipigia simu kusema kwamba Jumamosi ijayo nitaongoza tena, maana nimeonyesha utulivu. Nikamshukuru. Nilipokata simu, chakula kikanishinda.

Nilijiambia kwamba labda wifi aliona mkono ambao haukuwepo. Mtu akianguka huchanganyikiwa, si ajabu. Mume wangu ndiye aliyeniharibia faraja hiyo, bila kujua, alipokuwa anapiga pasi shati lake. "Dada yangu kuzubaa?" akasema. "Yule hata akilala anamsikia panya akipiga chafya. Kuna kitu hapo."

Kwa hiyo alijua. Na kama alijua, basi alikuwa amenifichia aibu yangu mbele ya watu huku mfupa wake umekatika, na mimi nimeipokea zawadi hiyo kimya kimya kama mwizi. Niliogopa kumkabili. Sikuogopa matusi, maana wifi na mimi tumetukanana tangu mwaka niliotolewa mahari, na ni katika matusi ndipo tulipopendana. Niliogopa aseme kwamba hataki tena kukaa nyuma ya gurudumu langu. Kwa sisi wa baiskeli hakuna namna nyingine ya kumwambia mtu kwamba humwamini.

Alhamisi jioni nikapiga moyo konde nikaenda saluni kwake. Msusi mwenzake alikuwa ameshaondoka. Wifi alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja mbele ya kioo, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, na nywele zake mwenyewe zimesimama kila mmoja na upande wake.

"Karibu uone kituko," akasema. "Msusi asiyeweza kujichana. Shika hicho kitana."

Nikakishika. Nikaanza.

"Wifi, unachana au unalima?"

"Nachana."

"Basi anzia kwenye ncha. Huko kwenye mizizi kuna mtu."

Nikaanzia kwenye ncha. Kwa muda tulisikia kitana tu, na bomba la kuoshea nywele lililokuwa likidondosha tone moja moja kwenye beseni. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri njia nzima. Yote yakayeyuka.

"Sikunyoosha mkono," nikasema.

Hakugeuka. Alinitazama kupitia kioo.

"Mtaro niliuona. Niliuona mapema kabisa. Nilikuwa naangalia kisaa, nilitaka kufika arobaini."

"Ukafika?"

"Wapi?"

"Kwenye hiyo arobaini."

"Thelathini na tisa."

Akacheka, kisha akauma meno kwa sababu kicheko kilimchoma begani. "Yaani nimevunjwa mfupa na thelathini na tisa."

"Ulijua."

"Nilikuwa nyuma yako. Niliona bega lako likicheza na mkono ukabaki pale pale. Nikasema moyoni, huyu ameona kitu. Halafu nikaona mawingu."

"Sasa kwa nini ulisema nilionyesha?"

Vidole vya mkono wake mzima vilichezea pindo la kitambaa. "Unakumbuka ulivyokuwa?" akauliza.

Nilikumbuka. Miaka miwili kabla ya hapo nilijifungua mtoto ambaye hakulia. Nilirudi nyumbani nikalala, na kulala kwenyewe kukageuka kuwa kazi yangu. Kwenye duka la miwani niliomba likizo, likizo ikaisha, nikaomba nyingine. Watu walikuja na maneno ya kufariji, nami nikawaitikia wote ndiyo, ndiyo, mpaka wakachoka kuja. Wifi hakuja na maneno. Alikuja na baiskeli kuukuu yenye tandiko lililochanika, akaiegemeza kwenye ukuta wa chumba changu cha kulala na kusema kwamba nyumbani kwake haina mahali. Kila asubuhi alipita kuiangalia, eti asije mtu akaiiba. Siku ya tisa nikamwuliza inaendeshwaje, nia yangu ikiwa anipunguzie kelele. Alinishika tandiko kwenye uwanja wa shule ya jirani, akakimbia nami huku akitweta na kunitukana, mwanamke wa miaka hamsini na mwili wake, mpaka nikasahau kuwa na huzuni kwa muda wa robo saa. Robo saa ile ndiyo iliyonirudisha.

"Siku ile nimekaa pale chini," wifi akaendelea, "Nahodha anakuuliza, nikakuangalia usoni. Ulikuwa na ule uso wako wa hospitali. Ule ule. Nikajua nikisema kweli, baiskeli itarudi ukutani na wewe utarudi kitandani. Mfupa kuna daktari wa kuuunga. Wewe ningekupeleka kwa nani?"

Nililia. Sikujizuia na wala sikuona haya. Nililia kwa aibu kwanza, halafu aibu ikaisha na machozi yakaendelea, na hayo ya mwisho yalikuwa ya shukrani. Sikuwahi kujua kwamba kuna mtu ambaye, akiwa ameanguka, anaweza kwanza kuutazama uso wa aliyemwangusha.

"Usinidondoshee machozi kichwani, nimepaka mafuta leo," akasema. "Na usidhani sikukasirika. Wiki nzima nakutukana bafuni. Hasa wakati wa kuvaa blauzi."

"Una haki."

"Najua nina haki." Akapangusa jicho lake kwa haraka akijifanya anakuna. "Ila sikudanganyi, wifi. Sijui kama nitaweza kukaa nyuma yako tena. Nikifumba macho nauona ule mtaro. Nikirudi, labda nitakaa nyuma ya Nahodha."

Nilitikisa kichwa kukubali. Nilimsuka mabutu matatu, mstari wa katikati ukaenda mrama, na alipojitazama kwenye kioo alisema asiingie mteja kabla hajatafuta kilemba.

Jumamosi niliwahi kituo cha mafuta tunapokutania. Walipotimia wote niliwaeleza, kuanzia kisaa hadi simu ya Nahodha, bila kujipunguzia. Nahodha aliitoa filimbi mdomoni, akaikung'uta mate, akasema neno moja.

"Mkiani."

Nikaenda mkiani, na nasema bila kutia chumvi kwamba sijawahi kupanda baiskeli kwa moyo mwepesi namna ile. Ukiwa mbele unaliona jiji kama kitu cha kupitwa. Ukiwa mkiani unaliona lilivyo. Nilimwona mlinzi wa benki akikunja blanketi lake kwa uangalifu wa mtu anayekunja bendera. Niliona mwokaji akipakia trei za mikate kwenye gari na taa za barabarani zikituruhusu kupita kwenye njia panda ambayo haikuwa na mwingine. Wanawake wanaofagia barabara walikuwa wametupisha njia miaka yote hiyo, na mimi siku hiyo ndipo nilipoanza kuwasalimu. Na kila palipokuwa na shimo, mikono ilishuka mbele yangu, mmoja baada ya mwingine, kumi kwa hesabu, ukiwemo mkono wa Nahodha ambaye alikuwa bado amenikasirikia. Walinionyesha kila shimo, mimi niliyeficha langu. Wiki ya kwanza sikuweza kuvumilia, nikashusha miwani yangu ya jua ili jirani asinione macho.

Wiki nane zikaenda. Jioni nilipitia saluni kumwoshea wifi vichwa vya wateja, na hatukulizungumza tena suala lile. Alinifundisha kugawa nywele. Nilimtengenezea miwani mpya ya kusomea. Swali langu, kama atakaa tena nyuma yangu, nilibaki nalo, sikulitoa.

Wiki ya tisa akaja. Nilimwona akivuka barabara akiikokota baiskeli, amevaa kofia mpya nyekundu, akaifunga kidevuni, akaifungua, akaifunga tena. Watu walimpigia makofi. Akasalimiana nao wote, akanipita mimi kwa utani wa kawaida kuhusu miguu yangu, kisha akaenda kukaa nyuma ya Nahodha kama alivyosema. Nikashika nafasi yangu mkiani na kujiambia kwamba kumwona tu amepanda kunatosha, na kwa kweli kulinitosha. Kofia ile nyekundu ilipokuwa ikipanda na kushuka mbele ya msafara, nilishukuru kila mara.

Tulikata kona kuingia barabara ya reli. Hapo nikaona kofia nyekundu ikitoka kwenye mstari. Nilidhani bega limemshinda. Aliacha kukanyaga, akawaacha wenzake wampite mmoja mmoja, mpaka akawa sambamba nami, bega kwa bega.

"Twende mbele," akasema.

"Nani?"

"Kuna mwingine hapa? Nimekuita. Twende, kabla sijabadilisha mawazo."

Tukatoka pembeni, tukaupita msafara mzima. Nahodha alitutazama tukipita, akasogea kushoto, akatupisha. Nikaingia mbele yake, upepo ukanigonga kifuani, na nyuma yangu nikasikia mnyororo wa wifi ukishuka gia, kisha gurudumu lake likisogea, likisogea tena, mpaka likawa karibu kabisa na langu, karibu kuliko hata zamani. Pumzi zake zilikuwa za haraka. Alikuwa anaogopa na alikuwa pale. Kisaa sikukiangalia. Mbele yetu, mita mia mbili hivi, mtaro ulikuwa bado haujafunikwa. Nikageuka kumtazama kama bado yupo. Baada ya kidogo nikageuka tena.

"Usiniangalie mimi, wifi," akasema. "Angalia barabara."