Mtu wa Mwisho Kushoto

Wifi yake ndiye aliyempachika jina la Injinia, na hakumpachika kwa mapenzi. Alimwita hivyo mara ya kwanza siku alipomkuta chumba cha nyuma cha studio akikata picha za pasipoti kwa mkasi, akapaza sauti makusudi ifike mpaka kwa wateja: "Injinia, fuata mstari, hilo sikio la mtu!" Basi jina likaganda. Mama mkwe akalitumia, mume akalitumia, na wateja nao wakadhani ndilo alilopewa na wazazi wake.

Studio ilikuwa ya mama mkwe, vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na kaunta ya mbao iliyopakwa vanishi mara nyingi mpaka ikawa na rangi ya chai iliyokolea, benchi la wateja lenye mto uliopasuka upande mmoja, na kompyuta yenye skrini kubwa ambayo watu walichagulia picha zao. Cha nyuma kilikuwa na printa, mkasi, pazia jeupe la kupigia picha, na joto. Mbele alikaa wifi. Nyuma alikaa Injinia, ambaye kabla ya kuolewa aliandika programu za kompyuta miaka minne katika ofisi ambamo watu walimwamkia kwa heshima. Mawifi hao hawakuwa watu wa kupikwa chungu kimoja, na kila mwenye macho alijua.

Kilichowagonganisha safari hii ni programu ya kufungulia picha. Ile ya zamani aliileta wifi kutoka kwa rafiki yake, nayo ilikuwa imerembwa kama kitanda cha bi harusi. Kulia safu ya mioyo na nyota, kushoto fremu za maua, juu vitufe kumi na tisa, Injinia alivihesabu, na chini ukanda wa picha ndogondogo uliojichora upya kila ukigusa kitu. Folda ya picha mia ilivumilika. Ile ya mahafali ya shule, yenye picha elfu kumi na moja na ushei, ilikuwa adhabu. Unabonyeza, kiduara kinazunguka, kinazunguka, mteja anahesabu mbao za dari. Mama mmoja aliinuka benchini akasema, "Mpaka hii ifunguke, mwanangu atakuwa amemaliza na chuo kikuu." Akatoka, na hakurudi.

Siku hiyohiyo Injinia alimfuata mama mkwe, aliyekuwa anafuta miwani kwa upindo wa kanga.

"Mama, nipe wiki tatu nitengeneze programu yetu wenyewe."

"Na picha za pasipoti atakata nani?"

"Mimi. Nitafanya yote mawili."

Mama mkwe akavaa miwani, akamtazama kama anayetazama kitambaa kinachouzwa rahisi mno. "Haya. Jumamosi ya tatu, saa tatu asubuhi, mwalimu mkuu anakuja kuchagua picha za mahafali. Ikifanya kazi, kiti cha mbele chako. Isipofanya, unarudi kwenye mkasi, na sitaki kusikia tena neno kompyuta likitoka kinywani mwako humu ndani."

Wifi, ambaye kiti chake ndicho kilichokuwa kinagawiwa hivyo, alisonya msonyo mrefu wa kutosha kufua leso.

Injinia akafanya kazi. Asubuhi mkasi, mchana kibodi. Alichokitaka hakikuwa kingi: ukifungua folda, picha iwe ndiyo hiyo mbele yako, nzima, kwenye weusi mtupu, bila ua wala nyota. Mshale wa kulia uende mbele, wa kushoto urudi, kitufe kirefu cha chini kwenye kibodi kiweke alama kwenye picha aliyoipenda mteja. Basi. Wakati mteja anatazama moja, programu kimyakimya iwe imeshaandaa tano zinazofuata na mbili zilizopita, kama mpishi anayemenya vitunguu vya kesho huku chungu cha leo kinachemka.

Na ili hata ile ya kwanza isichelewe, akatumia kitu ambacho wengi hawakijui. Kamera inapopiga picha huficha ndani ya faili hilohilo picha nyingine ndogo sana, ile ile kwa sura, kama jina la mwenye koti lililoshonwa ndani ya ukosi. Ndogo hufunguka papo hapo. Kwa hiyo programu ilitangulia kuonyesha ndogo, imetanuliwa, kisha kubwa ikakaa juu yake kabla hujapepesa jicho. Kwa kuwa zinafanana, jicho haligundui chochote.

Wifi alichungulia mara moja wiki ya pili. "Hii programu au kaburi? Nyeusi tii. Vitufe viko wapi?"

"Kwenye kibodi, wifi."

"Mteja atasema tumefilisika mpaka vitufe."

"Mteja atakuwa anatazama picha yake."

"Unajibu sana kwa mtu anayekaa stoo," wifi akasema, akaenda zake akiburuta ndala.

Alhamisi wakafanya majaribio. Mama mkwe alikaa kwenye kiti cha mbele mwenyewe. Wifi akasimama nyuma yake, mikono kifuani. Mume wa Injinia, ambaye ndiye mpiga picha wa studio, aliegemea mlango na kamera shingoni, nusu ndani nusu nje, kama kawaida yake linapokuja suala la mkewe na ndugu zake.

Folda ya mahafali ikafunguka kabla mama mkwe hajaondoa kidole. Akabonyeza mshale, picha. Mshale, picha. Akaushikilia, na watoto wenye majoho wakapita mbele yake kama gwaride. Alipita picha mia mbili hivi, na pembe ya mdomo wake ilianza kulegea.

"Fungua yangu," akasema. "Ile ya kutimiza miaka sitini."

Folda ile ilikuwa na picha elfu mbili na mia tatu, za miezi sita nyuma. Zikaenda vizuri, keki, viatu, wageni wakila, mpaka zilipofika za kundi la familia. Hapo picha ikaruka. Watu walisogea ghafla kama waliosukumwa, kisha wakatulia. Mama mkwe akarudi nyuma, akaenda tena. Ikaruka. Iliyofuata nayo ikaruka.

"Hii nini?"

"Ina kwikwi!" Wifi akacheka mpaka akashika kaunta. "Injinia ametengeneza programu yenye kwikwi. Mpe maji inywe!"

Uso wa Injinia ukawaka moto. "Sijaiona kwenye folda nyingine yoyote, Mama. Nitaangalia."

"Labda ni mashine," mumewe akasema kutoka mlangoni, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika.

"Mashine haikuwa na kwikwi jana," mama mkwe akasema. Ile pembe ya mdomo ilikuwa imeshakaza. "Jumamosi saa tatu nataka isiruke. Ikiruka, ahadi haipo."

Ijumaa asubuhi Injinia alifunga mlango wa nyuma akaipekua kazi yake mstari kwa mstari, jasho likimtiririka kwenye mgongo. Hakuona kosa. Akazipitisha picha zote elfu mbili na mia tatu, akaorodhesha zinazoruka. Zilikuwa thelathini na moja tu, na zote za familia. Akawaza, kosa gani hili linalochagua watu? Ndipo akaiamuru programu ifanye kinyume cha kazi yake: ile picha ndogo ikae sekunde tatu nzima kabla ya kubwa kuifunika.

Akafungua ya kwanza.

Kwenye ndogo walikuwa watu saba. Mama mkwe katikati, na wa mwisho kushoto mwanamke mwenye gauni la kijani, mkono wake kwenye bega la mumewe, aliyekuwa ametega kamera ijipige yenyewe akakimbilia kundini, anacheka meno yote nje. Ilikuwa yeye. Moja, mbili, tatu. Kubwa ikashuka, na watu wakawa sita. Picha ilikatwa ubavuni.

Akafungua ya pili. Humo alisimama kati ya watu, hangeweza kukatwa, kwa hiyo walipaka ukuta juu yake. Rangi ya ukuta haikulingana. Aliyefanya alikuwa na haraka, akasahau vidole vinne kwenye bega la mumewe, vimebaki vyenyewe kama vya mwizi dirishani. Ya tatu hivyohivyo. Mpaka ya thelathini na moja, hakuna mwanamke mwenye gauni la kijani. Waliofuta walifuta picha kubwa. Ile ndogo iliyoshonwa ndani hawakujua kama ipo.

Akatazama tarehe za mafaili. Yote yaliguswa Jumanne moja, kati ya saa nane na saa kumi, kwenye kompyuta ya mbele. Jumanne ile alitumwa kufuata karatasi za printa, akarudi jioni amezibeba kichwani.

Mumewe alipoingia kuchukua betri, alimwonyesha. Alibonyeza tu na kungoja sekunde tatu. Mwanamume akatazama, akasogea karibu na skrini.

"Ulijua?"

"Walisema watakutoa kwenye ile ya kutundika ukutani tu. Mama alitaka moja ya watoto wake mwenyewe. Sikujua ni zote."

"Na picha zenyewe, kabla ya kufutwa, ziko wapi?"

"Walihifadhi hizi mpya juu yake. Za awali hazipo tena." Akageuza betri mkononi. "Sasa unataka nifanye nini? Nipigane na mama yangu kwa ajili ya picha?"

"Wewe ndiye uliyezipiga," Injinia akasema.

Akatoka, na betri akaisahau.

Dawa ya kwikwi ilikuwa rahisi, mistari mitano. Programu ikikuta faili limeguswa baada ya siku ya kupigwa, iiache picha ndogo, ingoje kubwa. Isingeruka tena. Kiti kingekuwa chake, na hakuna ambaye angemwona yule mwanamke wa kijani, hata kwa muda wa kupepesa jicho. Aliiandika mistari hiyo. Akaisoma mara mbili. Kisha akaifuta, akaenda kukata picha za pasipoti, na siku hiyo hakukata sikio la mtu yeyote.

Jumamosi saa mbili na nusu mama mkwe alikuwa kaunta, amevaa vizuri. Wifi alikuwa amekalia kiti, mkoba mapajani.

"Inaruka au hairuki?" mama mkwe akauliza.

"Njoo uone kwa nini inaruka, Mama." Injinia akainama mbele ya wifi bila kuomba radhi, akafungua folda ya miaka sitini, ambayo ndiyo pekee aliyoiachia zile sekunde tatu. Watu saba. Sekunde tatu. Watu sita. Inayofuata, na inayofuata. Mkoba wa wifi ukateleza ukaanguka, hakuuokota.

Mama mkwe alitazama picha nane. Alipofika kwenye vidole vinne akavua miwani, akaivaa tena.

"Nilisema moja," akamwambia binti yake. "Ya ukutani."

"Nilikuwa nasafisha folda."

"Unasafisha? Yeye ni uchafu?" Injinia akauliza.

"Nani kakuuliza wewe? Mwaka mmoja humu unataka uonekane kila ukuta!" Wifi akasimama. "Hizi ni picha za Mama, si za mkutano wa hadhara!"

"Nyamazeni!" Mama mkwe akapiga kaunta. Akamgeukia mkwe wake, na kama kulikuwa na huruma kwenye uso huo, ilikuwa imefichwa vizuri. "Nimeona. Lililofutwa limefutwa. Sasa toa hiyo kwikwi, wageni wanakuja."

"Sitoi."

"Umesemaje?"

"Programu haina kosa, Mama. Inaonyesha kilichomo ndani ya faili. Siwezi kuifundisha kunificha."

"Basi rudi kwenye mkasi wako."

"Sawa." Injinia akarudi mpaka mlango wa chumba cha nyuma, akasimama hapo. Hakuingia.

Mwalimu mkuu akafika saa tatu kamili, mtu mnene mwenye daftari kwapani, pamoja na mzazi mmoja wa kamati. Wakakaa benchini, mwalimu upande wa mto mzima. Wifi akafungua folda ya mahafali kwa programu ya zamani. Mioyo ikajichora. Nyota zikajichora. Kiduara kikaanza kuzunguka. Mzazi akapiga miayo. Dakika ya nne ikatokea picha ya kwanza, nusu. Wifi akabonyeza inayofuata na kiduara kikarudi upya, kana kwamba hakikuwahi kuondoka.

"Ziko ngapi?" mwalimu mkuu akauliza.

"Elfu kumi na moja," wifi akasema kwa sauti nyembamba.

"Mama," mwalimu akamwambia mama mkwe, "hapa tutakesha. Mlituambia mna programu mpya. Kama haipo, studio ya ng'ambo ya barabara walituomba kazi hii tangu mwanzo."

Mama mkwe akakitazama kile kiduara. Kisha akageuza kichwa polepole kuelekea mlango wa nyuma.

"Ipo," akasema. "Injinia. Njoo uifungue."

"Kama ilivyo, Mama?"

Kila mtu akasikia, na wawili tu benchini hawakuelewa. Mume alikuwa amefika mlango wa mbele, nusu ndani nusu nje. Mama mkwe akavuta pumzi puani.

"Kama ilivyo."

"Na ya miaka sitini nayo?"

"Nimesema kama ilivyo! Unataka nikuandikie?"

Injinia akapita kaunta, akasimama kando ya kiti. Wifi hakunyanyuka. Wakatazamana kwa karibu sana, mpaka kila mmoja akasikia pumzi ya mwenzake.

"Mpishe," mama mkwe akasema.

Wifi akaokota mkoba wake sakafuni, akaukung'uta vumbi polepole, akapita akimgonga bega. Injinia akakaa. Kiti kilikuwa bado na joto la mwenzake. Akafungua folda, na mtoto wa kwanza mwenye joho akatokea kwenye weusi, mzima, hajaruka hata kidogo. Mwalimu mkuu akainuka benchini akasogea karibu, daftari wazi.

Injinia hakumwambia mama mkwe asante, na mama mkwe hakuingoja.