Mfuko wa Daktari Tveit

Orrin Tveit alitibu meno ya watu wa mji wa Bozeman kwa miaka thelathini na minne, na alipostaafu kazi hakustaafu kuhubiri usafi. Mahubiri aliyahamishia milimani. Katika klabu yake ya kupanda milima hakuna aliyesalimika: huyu chupa yake inanuka, yule kofia yake ina chumvi ya jasho. Yeye alibeba mgongoni mfuko wa maji wa plastiki laini, wenye mrija wa kunyonyea, unaong'aa kama kioo.

Aliyeung'arisha ni mkewe, Marlys. Kila Jumapili Orrin aliutupa kwenye sinki na mabaki ya maji ya limau na sukari. Marlys akauosha kwa maji ya uvuguvugu na magadi soda, akapitisha brashi ndefu mrijani, akachomoa kinyonyeo cha mwisho wa mrija, kisha akauanika kichwa chini, mwiko ndani yake ili kuta zisigandane. Miaka kumi na mmoja. Asante hajaisikia.

Mwezi wa Juni klabu ikamwomba Orrin atoe somo maktabani kuhusu kutunza mifuko hiyo. Alikubali kabla hawajamaliza kuuliza.

"Wangu nausafisha mwenyewe," Marlys alimsikia akijigamba kwenye simu. "Kazi hii haitaki mikono ya ovyo."

Marlys akaitazama mikono yake, imejaa povu. Akaifuta.

Kwa wiki tatu hakuugusa mfuko ule. Orrin goti lilimsumbua, hakwenda mlimani, hakuuliza. Mfuko ukabaki gereji, alikouacha Orrin, na maji yake matamu, na jua la kiangazi likafanya kazi yake.

Siku ya somo walikuja watu kama ishirini. Marlys alikaa nyuma.

"Mtu mstaarabu utamjua kwa mfuko wake," Orrin alianza, akautoa begini bila kuutazama, akaufungua.

Waliokaa mbele wakarudisha vichwa nyuma. Ndani ukungu ulikuwa umeota, mweusi na kijani, wenye manyoya.

"Daktari, humo umefuga paka?" aliuliza Noreen Pask, mama mmoja aliyestaafu posta.

Orrin akauinua juu watu wauone. "Huu… nimeuacha makusudi. Mfano wa uzembe."

Wakampigia makofi. Marlys akakiri moyoni kwamba mzee wake kwa uongo hana mpinzani.

"Basi tuonyeshe unavyousafisha," Noreen akasema.

Orrin akavuta kinyonyeo. Hakikutoka. Akakizungusha, wapi! Mwishowe akaking'ata, yeye daktari wa meno, kikachomoka ghafla na maji ya kijani yakamjaa kinywani.

"Marlys!" aliita akitema. "Mama, njoo basi!"

"Endelea, daktari," Marlys akajibu kutoka nyuma. "Tunajifunza."

"Kwani nyumbani nani huuosha?" Noreen akauliza.

Orrin akatazama viatu vyake. "Yeye."

Ukumbi ukaangua kicheko. Marlys akapita mbele bila kumtazama, akawaonyesha kila kitu kwa dakika kumi.

Garini Orrin alinuna. "Umeniaibisha."

"Mimi nilikaa kitini tu, mume wangu."

Kesho yake asubuhi Orrin alisimama kwenye sinki, akiusugua mfuko. Marlys akanusa. "Bado. Rudia."

Akarudia mara nne. Ya tano ilipofika, Marlys alikuwa ameshavaa buti, akaenda mlimani na Noreen.