Kisamaki Asiye na Kichwa, Mbele ya Wazee

Mwanga wa bahari unapita mwilini mwako kama unavyopita kwenye karatasi iliyobandikwa dirishani. Na kwangu mimi, anayeonekana mpaka matumbo ndiye wa kwanza kutiliwa shaka. Umeficha nini, kisamaki wa mchangani?

Tangu niolewe hapa kijijini Liuwudian, nakuosha. Wanaume wanakuchota kwa sepetu chini ya maji, mchanga na wewe pamoja. Sisi wanawake tunazungusha sinia la mbao, mchanga unabaki, wewe unaelea. Mwembamba kama sindano, umechongoka huku, umechongoka kule, hata sijui wapi ni mbele. Jicho huna. Taya huna. Mfupa huna. Moyo nimeutafuta kwa ncha ya kisu, sikuuona. Na bado wamekupa jina la Wenchang, mungu wa mitihani! Kichwa chenyewe huna, mtihani utaufanyia wapi?

Nakutilia shaka.

Siku ya kumkumbuka baba mkwe nilikukaanga na mayai, nikaiweka sahani mbele ya vibao vyenye majina ya wazee wetu waliofariki. Binti yangu Bihuan, aliyekuja likizo kutoka shuleni mjini Amoi, akaitazama akacheka.

“Bibi, unajua huyu ni ndugu yetu? Ana ufito mgongoni, toka ncha mpaka ncha. Mifupa ilikuja baadaye, ufito ulitangulia. Hata sisi, tumboni mwa mama, tulianza nao.”

Mama mkwe akashusha ubani. “Yaani tumemkaangia mume wangu babu yake?”

“Si babu, Bibi. Ni kama ndugu yake babu. Wengine walisafiri wakabadilika, yeye akabaki nyumbani.”

“Kumbe anayebaki nyumbani ndiye anayekaangwa! Basi, shule ya kutukana wazee imekwisha. Kesho utashika sinia na mama yako.”

Kicheko kikamfia Bihuan mdomoni. Mimi nikaitazama mikono yangu, chumvi imeipasua kama ukuta wa zamani, kisha mikono yake, laini, yenye doa la wino. Ee kisamaki, usiniponze! Nilimshuku mama mkwe: anawatetea wazee, au anatafuta mtu wa sinia?

“Mama,” nikasema, “wazee wenye chakula hiki wapo. Si tuwaulize?”

Mama mkwe akatoa vipande viwili vya mti vya kuulizia wazee, vilivyokatwa kama mwezi mchanga, bapa huku, mviringo huku. Vikianguka tofauti, wazee wamekubali. Vikilala vyote, mviringo juu, wamekataa. Vikionyesha bapa vyote, wanacheka: swali halijaeleweka.

“Mume wangu, huyu kisamaki ni wa ukoo wetu?”

Nikashtuka. Wakikubali, tumekula wazee. Wakikataa, shule inasema uongo. Kote mwanangu amekwisha!

Vikaanguka. Bapa na bapa.

Akarusha tena. Bapa na bapa. Akarusha tena, bapa na bapa, na mara hii hata mwali wa mshumaa nikaushuku kwamba unacheka.

“Ndivyo alivyokuwa marehemu,” mama mkwe akanung’unika. “Asichokielewa anakicheka. We Bihuan, huyo ndugu, ni wa tumbo la ngapi?”

“Sijui, Bibi. Hatujafika huko.”

“Hamjafika! Mimi nimuulize mtu wa heshima swali nusu? Rudi kwa huyo mwalimu wako, akumalizie.”

Asubuhi mashua ya kumrudisha Bihuan shuleni ilipong’oa nanga, mama mkwe alikuwa bado anapiga kelele pwani: “Na uulize jina lake la ukoo! Usirudi bila jina!”

Mimi nilikuwa naiangalia mikono ya mama mkwe. Mikono iliyozungusha sinia tangu usichana, inayojua nini kielee na nini kizame, ishindwe kuviangusha vipande viwili vya mti inavyotaka? Mara tatu? Nakutilia shaka, mama.

Akageuka, akanikuta.

“Unaangalia nini? Mchanga haujizungushi wenyewe.”